Mkono wa Mlinzi wa Daraja

Hakuna mtu Kitale aliyewahi kumwona Agneta Nelima akitoka nje ya ua wake na leso kiunoni. Alifundisha miaka thelathini na mmoja, na tangu alipofiwa na mumewe, Mwalimu Wekoye, alilichunga jina la nyumba ile kama wengine wanavyochunga ng'ombe wa gredi. Kwa hiyo Gladwell wa kanisani alipomnong'oneza kwamba bintiye Joy anapiga ramli huko Bungoma, kila Jumamosi alasiri, dukani kwake, tena na wanaume, Agneta hakuuliza swali la pili. Jumamosi iliyofuata alivaa koti lake la kijani, akashika njia.

Duka la Joy lilikuwa la dawa za mifugo. Agneta alikuta limefungwa nusu, na ndani watu watatu wameizunguka meza iliyojaa karatasi, njugu, na dadu zenye nyuso nyingi kuliko dadu yoyote aliyowahi kuiona. Joy alikuwapo. Kipngetich, daktari wa ng'ombe kutoka upande wa mlimani, alikuwapo. Wa tatu alikuwa amepanda juu ya kiti, mikono hewani kama mhubiri, naye hakuwa mwingine ila Khisa, mume wa Joy.

Agneta aligeuka mara moja, akaingia stoo na kuvuta pazia. Mama mkwe hakai meza moja na mkwe wake, hampi mkono, wala hawasemezani ovyo ovyo. Siku mahari ilipopokelewa mpaka uliwekwa, na yeye hakuwa mtu wa kuruka mipaka. Khisa naye alishuka kitini mbio, akaanza kuisoma kalenda ya ukutani kana kwamba ina habari mpya.

"Mama, si ungepiga simu!" Joy alisema.

"Ramli hupigiwa simu? Nimekuja kuiona mwenyewe."

"Ramli gani, Mama? Huu ni mchezo. Kila mtu ana mhusika wake. Khisa anasimulia, sisi tunasema tutafanya nini, halafu dadu inaamua kama tumefaulu. Tunacheza Orumbe."

Agneta, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, aliinua shingo. Orumbe! Vile vitabu tisa vinavyosomwa dunia nzima! Wekoye alivinunua kimoja kimoja, akavifunika kwa karatasi ya kaki kama madaftari ya shule, na jioni chai ikichemka alikuwa akimsomea kwa sauti. Wafalme wa Orumbe aliwajua kuliko alivyoujua ukoo wa jirani zake.

Akaamua kusikiliza kidogo tu, ili akirudi Kitale amjibu Gladwell kwa ushahidi. Hazikupita dakika kumi Khisa akasema kwamba Malkia Sevanu ni binti wa Mfalme Dorr.

"Mpwa!" sauti ikatoka stoo. "Joy, mwambie huyo msimulizi Sevanu ni mpwa wa Dorr. Binti alikufa katika kitabu cha pili."

Kipngetich akacheka mpaka njugu ikampalia. "Huyu mama lazima aingie timu yetu, bana!"

Akaingia. Kila Jumamosi ya pili alikuja, akakalia gunia lake, na Joy akampelekea dadu juu ya sinia. Mhusika wake aliitwa Bibi Temba, mtunza mihuri wa kifalme, mwenye bakora na adabu nyingi. Khisa akitaka kumwuliza jambo alisema, "Joy, mwambie Mama," na Agneta akijibu alisema, "Joy, mwambie msimulizi," ijapokuwa pazia lilikuwa jepesi na kila mtu alisikia kila kitu. Gladwell aliarifiwa kwamba vijana wale wanajadili fasihi, na huo haukuwa uongo.

Ikawa hivyo kwa miezi saba, hadi Jumamosi ya daraja. Malkia Sevanu alikuwa gerezani, akisubiri kunyongwa. Ufunguo wa kumwokoa ulikuwa shingoni mwa Bibi Temba, ndipo daraja likakatika. Temba akabaki ananing'inia juu ya korongo kwa mkono mmoja. Wenzake walikuwa wameshavuka, wako mbali.

"Mlinzi wa daraja analala kifudifudi," Khisa alisimulia kwa sauti nzito. "Ananyosha mkono wake. 'Bibi, shika!'"

Hakuna dadu iliyogonga sinia.

"Mama?" Joy aliita.

"Nimesikia."

"Si basi ushike!"

"Mkono wa nani?"

"Wa mlinzi."

"Na huyo mlinzi anaongea kwa mdomo wa nani?"

Kipngetich akajishika kichwa. "Mama, huyo mlinzi hajaoa! Hana hata mbuzi, ati atalipa mahari na nini?"

"Mkono ni mkono."

"Miezi saba, Mama," Joy alisema polepole, na sasa hakuwa na mzaha. "Ukianguka na huo ufunguo, Malkia ananyongwa. Sote tumeshindwa."

Maneno hayo yalimchoma Agneta. Alikodolea macho maandishi ya gunia asiyasome. Nani angejua? Watu wanne na magunia. Lakini alijijua: mpaka ukirukwa kwa mchezo leo, kesho utarukwa kwa mazoea, na keshokutwa hakuna atakayekumbuka ulikuwa wapi.

Mara Khisa akakohoa. Sauti iliyofuata haikuwa ya mlinzi tena. "Joy, mwambie Mama hata mimi nimekwama. Nilipotamka 'shika' ndipo nikakumbuka kwamba mlinzi ni mimi. Nisamehewe."

Kijana amelelewa huyu, Agneta alijiambia. Wekoye angempenda.

"Mwambie amesamehewa," alisema. "Na Temba hashiki mkono wa mtu. Anavua ufunguo shingoni, anamrushia Kipngetich."

"Ng'ambo ile? Kwa mkono mmoja?" Khisa aliuliza. "Joy, mwambie Mama atahitaji kumi na tano au zaidi."

Agneta alitupa dadu. Ikazunguka kwenye sinia, ikagonga ukingo, ikatulia. Huko nyuma ya pazia hakuna aliyeiona ila yeye. Akavaa miwani.

"Kumi na sita. Njooni mhakikishe."

"Tunakuamini, Mama."

"Sijauliza kama mnaniamini. Joy, njoo uone."

Joy akaja, akaona kumi na sita, akapiga kelele ambazo bila shaka zilisikika hadi sokoni. Kipngetich alikuwa ameshapanda kwenye kiti, akiudaka kwa mikono miwili ufunguo usioonekana.

Bibi Temba akaanguka korongoni na bakora yake, wima, bila kupiga mayowe. Mlinzi wa daraja alivua kofia, na Khisa akasimulia anguko lile kwa heshima zote, huku uso ameuelekeza kwenye kalenda.

Walipokwisha kupiga makofi, Khisa akauliza kwa upole, "Joy, hebu mwulize Mama, mhusika wake mpya atakuwa nani?"

Agneta alikuwa ameshachonga penseli.

"Mwambie aandike," alisema kutoka stoo, "kwamba huyu ana mabawa."