Bi Mwanasiti Anayelamba Magunia

Saa kumi na moja jioni, bondeni chini ya Majengo, Pumwani, Bi Mwanasiti Twalib anaokota gunia, anashika pembe yake moja na kuilamba. Anatulia kidogo, anameza mate, kisha analiweka upande wa kulia na kuokota la pili.

"Hili safi," anasema.

La nne linamkunja uso. Anatema pembeni na kulirusha kwenye majani ya ukingo wa mto. "Hilo bado. Likaoshwe tena."

Watu wanaorudi kutoka kazini wanapunguza mwendo kumtazama. Mmoja anauliza kwa sauti kama nyumbani kwa mama huyu chakula kimekwisha. Mwanasiti hana muda wa kumjibu. Ikifika saa moja, amri ya kutotoka nje inaanza. Atakayekutwa huku bondeni baada ya hapo atalala kwa askari, na askari hana habari na maua.

Maua yenyewe ndiyo kioja. Katika kiwanja cha hatua ishirini kwa kumi na mbili, hapa hapa Nairobi, katika baridi ya Julai inayomfanya mtu alale na soksi, mwanamke huyu wa miaka hamsini na mitatu anatunza bustani ya jangwani. Iko mishubiri ya aina sita. Iko mimea ya miiba ambayo hata yeye hajui majina yake. Katikati, juu ya kichuguu cha mchanga na mawe meusi, umesimama mdaga, mti mfupi wenye shina lililovimba kama mtungi, ambao hutoa maua mekundu wakati majani yamepukutika.

"Wenzangu waume zao wakisafiri waliletewa vitambaa," anasema, na kicheko kinamtoka. "Mimi nililetewa miiba!"

Mumewe, marehemu Idarusi, aliendesha lori la mizigo kati ya Nairobi na Wajir kwa miaka kumi na minne. Kila safari alirudi na mmea mmoja umeviringishwa kwenye gazeti. Chumba chao kimoja kilipojaa mikebe, Mwanasiti aliomba kiwanja hiki cha bondeni ambacho hakuna aliyekitaka.

Mdaga ulikuwa wa mwisho. Safari iliyofuata, miaka mitatu iliyopita, homa ilimshika Idarusi huko huko Wajir, akafa na kuzikwa. Aliyemzika ni Qorane, dereva mwenzake. Mwanasiti aliletewa koti zito la mumewe, basi. Kaburi hajaliona hata leo.

Tangu hapo bustani ndiyo kazi yake. Huotesha vichipukizi vya mishubiri kwenye mikebe na kuvitembeza Ngara na Parklands kwa wenye veranda, shilingi moja na nusu kila kimoja. Mwezi mzuri huuza ishirini. Mdaga hauuzwi. Bwana mmoja aliwahi kutaja bei iliyomfanya akae chini, lakini alipomaliza kukaa alisema hapana.

Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mdaga umezaa. Maganda mawili yameota yakiwa yameungana, mfano wa pembe za mbuzi. Mwanasiti ameyafunga kwa uzi mwekundu, maana yakipasuka mbegu zake huruka na upepo. Qorane, anayepita kumjulia hali kila akifika Nairobi, amemwambia yatakomaa Agosti. Jalidi, ule umande unaoganda usiku wa baridi kali, ikiyapata kabla ya hapo, mbegu zitaoza humo ndani.

"Si uung'oe tu, ukae nao chumbani?" anaulizwa.

"Niung'oe una mimba?" anajibu, macho yamemtoka. "Ukiutikisa sasa, unayadondosha yote mawili."

Ati jalidi Nairobi? Wakazi wengi wa Majengo hucheka wakisikia. Kwao juu hawajaiona. Lakini baridi hushuka bondeni kama maji, na miaka mingine, si yote, usiku ukiwa hauna wingu wala upepo, majani ya ukingoni huamka meupe. Julai mwaka jana ilianguka mara tatu. Mwanasiti aliiona dalili yake mapema, ule moshi wa jioni unaolala badala ya kupanda, akakimbilia dukani kwa Saad, muuzaji wa jumla wa hapo jirani. Saad, Mungu ambariki, alimpa magunia matupu thelathini bila kuomba hata senti.

Akafunika kila mmea, isipokuwa mishubiri michache ya pembeni iliyomponyoka akilini. Mdaga aliufunika kwa koti la Idarusi. Hakuona vizuri kuutupia gunia.

Baada ya wiki mbili mimea ilianza kuwa ya njano, kisha nyeusi, kisha uji. Kati ya arobaini ilibaki kumi. Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa hesabu hiyo.

"Niliyoifunika ndiyo iliyokufa," anasema polepole, kana kwamba bado anashangaa. "Niliyoisahau ikapona. Nikasema, Mwanasiti, hiyo mikono yako ina nini?"

Aliamua kutofunika tena kitu. Angeshikilia hivyo hivyo mpaka leo, na pembe zile mbili zingebaki wazi, kama si mbuzi wa Ambaro.

Ambaro ni jirani yake, muuza maziwa. Mwezi wa Mei mbuzi wake walikata kamba wakashukia bustanini. Mwanasiti alijifunga kibwebwe akawafuata na fimbo. Akawakuta hawajagusa hata jani. Wote watatu walikuwa pembeni, wameyazunguka yale magunia ya mwaka jana, wanalamba kama watoto wenye sukari.

"Dada, hawa wangu siwanyimi majani," Ambaro alimwambia. "Wakilamba kitu hivyo, kina chumvi."

Mwanasiti akaokota gunia, akaweka ulimi. Chumvi! Saad alikuwa amempa magunia ya chumvi. Umande uliyalowesha, ukatiririka mpaka kwenye mizizi, usiku tatu mfululizo. Mdaga ulipona kwa kuwa ulivaa koti.

Alikaa chini akalia, halafu akacheka, halafu akapanda dukani. Saad alishika kichwa. "Bi Mwanasiti, nimekuulia bustani kwa mkono wangu!" Siku hizi humpa magunia ya maharage tu, na huyalamba yeye kwanza. Mwanasiti huyaosha kwa maji matatu, kisha huyalamba tena.

Leo moshi umelala. Anasimika vijiti kila upande ili gunia lisiguse jani, na kusogeza mawe meusi, yaliyoshinda juani kutwa, karibu na shina la mdaga. Mwisho kabisa analitandaza koti, anafunga kifungo cha juu, anapigapiga bega lake. Anaondoka mbio huku firimbi ya askari ikisikika upande wa barabara.

Saa kumi na mbili asubuhi, amri inapokwisha, yeye ndiye wa kwanza mlangoni. Bondeni majani ni meupe, yanavunjika chini ya ndara. Magunia yamekakamaa. Analifikia koti, nalo limeota weupe mabegani. Kile kifungo cha juu kimeganda, anajaribu kukifungua mara tatu.

Chini yake, pembe mbili za kijani, na uzi mwekundu haujalegea. Anazigusa kwa kidole. Ni ngumu, kavu.

"Alhamdulillahi," anasema, na machozi yanamdondoka waziwazi.

Mpango wake ameshaufikiria. Agosti maganda yakipasuka, mbegu nusu ataziotesha hapa. Nusu atamkabidhi Qorane kwenye kitambaa, azipande kando ya kaburi la Idarusi.

"Miaka kumi na minne alikuwa akiniletea mimi," anasema. "Safari hii nampelekea."

Na jalidi je, huko zitafunikwa na nani?

"Wajir?" Analikung'uta koti la mumewe, analivaa mwenyewe, na kulifunga mpaka shingoni. "Kule hazina haja ya koti. Mwenye baridi ni mimi."