Mama wa Mwisho Kutoka Kiganjo

Niliwahi kumfuata mama mmoja kutoka Kiganjo hadi Nyeri mjini, na kumbe kila hatua yangu ilikuwa inamuua polepole.

Mimi nilidhani namsaidia.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tisa. Kanisa letu liliandaa mbio za hisani kuchangia utafiti wa saratani ya watoto. Nilijitolea, na wiki nzima nikabeba viti na madebe ya maji hadi mgongo ukakataa. Asubuhi ya mbio nilikuwa hoi hata kabla filimbi haijalia.

Msimamizi wetu, Mzee Hezekiah, akanifunga kitambaa cha huduma ya kwanza, chenye msalaba mwekundu, mkononi.

"Mutahi, wewe utafuata yule wa mwisho. Usimpite, na usimwache peke yake."

Watu wakatimka kuelekea Nyeri mjini. Mimi nikabaki kumfunga bendeji jamaa aliyeteguka mguu. Nilipoinuka, barabarani palikuwa na mama mmoja tu, amevaa fulana yetu nyeupe, kikapu cha kiondo mgongoni.

Anatembea!

Nikasema moyoni, leo nimepatikana.

"Habari, mama."

Aligeuka. Akaona kitambaa changu. Kisha akauliza, "Ni wao wamekutuma?"

"Eeh. Wamesema nisikuache peke yako."

Akageukia barabara, akazidi kupunguza mwendo.

Nikamwonea huruma. "Leta kiondo nikubebee."

Alikivua polepole. Akanipa. Nikajua ni uchovu, maana hata mimi nilikuwa hivyo hivyo.

"Usiharakishe, mama. Tutafika tu."

Basi akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ya chini. Nikasema vizuri, anajitia nguvu. Nikaitikia! Tukapanda mlima hivyo, jua likituchoma, mimi na sauti yangu mbovu.

Mjini nikaona anakata kona.

"Mama, mbio zinaishia uwanjani!"

Hakusikia. Aliingia hospitali. Ningefanyaje? Kiondo chake nilikuwa nacho, na nilikuwa nimeambiwa nisimwache.

Mlangoni mwa wodi ya watoto akasimama. Akashika ukuta.

"Ingia wewe kwanza. Mimi siwezi."

Niliingia bila kuelewa. Kitandani alikaa msichana mdogo, kichwa hakina nywele, anakula ndizi.

"Wewe ni nani?" akaniuliza. "Mama yangu ako wapi?"

Nyuma yangu nikasikia kishindo. Yule mama alikuwa amekaa chini sakafuni.

"Kabura! Ako hai?"

"Ako hai, mama. Kwani...?"

"Si wamekutuma uniambie?"

Hapo nikaelewa. Nyinyi mnajua kwetu. Habari ya kifo haisemwi barabarani. Aliyetumwa hukubebea mzigo, hutembea nawe taratibu, hukungoja uketi ndipo aseme. Na mimi nilikuwa nimefanya yote, moja baada ya lingine, hata kuimba.

"Mama, mimi ni wa mbio. Nilidhani unakimbia."

"Mbio gani? Hii shati tulipewa hapa na nesi jana, wazazi wote. Mimi hutoka Kiganjo kila asubuhi kuona mtoto wangu!"

Alilia. Kisha akacheka, akalia tena, akimshika Kabura miguu na uso kana kwamba anahakikisha ni yeye. Msichana akamwambia, "Mama, leo umechelewa." Mimi nikageukia dirisha, nikalia pia. Sikuwa na nguvu ya kujizuia.

Uwanjani nilimkuta Hezekiah anakunja hema.

"Ulikuwa wapi? Wa mwisho alifika kitambo!"

Nilikaa chini.

Tuliojitolea siku ile tulikuwa na fulana, filimbi na nia njema, na hakuna aliyefikiria kwamba mwenye mgonjwa husoma uso wa kila mtu anayemkaribia. Tangu hapo, nikikutana njiani na mzazi mwenye mtoto hospitalini, kabla ya salamu, kabla ya kumpokea mzigo, namwambia kwanza: sijatumwa, na sina habari yoyote.