Kali na Tamu: Chupa ya Lazaro Kwenye Forodha ya Tunduma

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye forodha ya Tunduma niliwekewa mezani chupa mbili zisizo na karatasi ya jina. Bwana Forodha, Mwingereza mnene mwenye masharubu ya kijivu, akataka nimweleze tofauti kati yazo. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Itaka kwa miguu na cheti cha shule ya misheni mfukoni, na chupa ya Kizungu sijapata kuigusa. Nikasema, "Hii ni nyeupe, bwana. Hii ina rangi ya chungwa."

Hakucheka. "Macho hayatakusaidia hapa, Yona. Mwaga tone kiganjani, usugue."

Ile nyeupe ilikauka upesi ikaacha ubaridi. Ile nyingine ilinata vidoleni. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na kazi yangu yote iliyofuata ilitoka humo.

Ninyi mnaonunua chupa dukani leo mnaziita zote pombe kali. Sisi tulizigawa mafungu mawili. Za kwanza, wiski, jini, brandi na ramu, tuliziita "kali". Nafaka, miwa au zabibu huchachushwa, kisha huchemshwa, na mvuke wake ukipozwa hudondoka matone ambayo ndiyo kileo chenyewe. Za pili tuliziita "tamu". Hizo huanza kama zile za kwanza, lakini baadaye huwekwa maganda ya machungwa, mbegu, majani ya dawa, hata kahawa kama hii yetu ya Mbozi, kisha sukari nyingi. Wazungu walizinywa kidogo kidogo baada ya chakula, kwenye bilauri zisizozidi kidole gumba.

Ukali tuliupima kwa kipimo cha shaba chenye tumbo la mviringo na shingo yenye alama. Katika kileo kikali kilizama sana. Katika maji kilielea juu. Shida ilikuwa hizo tamu. Sukari hukifanya kioevu kuwa kizito, basi kipimo huelea juu na kukudanganya kwamba kileo ni hafifu. Ili kupata ukweli, ulichukua sampuli ukaichemsha kwenye kijungu chenye mrija uliopinda, sukari ikabaki chini, ukakusanya matone, ukayajaza maji hadi ujazo wa mwanzo, ndipo ukapima tena. Bwana Forodha alinifundisha jambo hilo kwa miezi mitatu. "Sukari ni mwongo," alikuwa akisema kila nilipokosea.

Sheria ya wakati ule ilimkataza Mwafrika kuwa na kileo cha aina hiyo, kiwe na sukari au kisiwe nayo. Mimi niliruhusiwa kukishika kwa sababu ya kazi tu. Lakini harufu haijui ruhusa. Jumapili nikiingia kanisani, watu walisogea kwenye benchi wakaniachia nafasi ya watu watatu. Wachuuzi nao walinikwepa kwa kuwa nilikagua mizigo yao. Nyumba ya karani ilikuwa chumba kimoja cha bati, na mke wangu Tamari ilibidi abaki Itaka na shamba la kahawa na watoto. Nilikuwa napika ugali wa mtu mmoja. Mtu asiyewahi kuupika hajui jinsi sufuria inavyoonekana kubwa.

Baadaye nilipelekwa Isongole, kituo kidogo cha Ileje, chini ya Mkaguzi wa Mpaka aliyefika mara moja kwa mwezi, akasaini, akaondoka bila kuketi. Nilikaa huko miaka miwili na askari mmoja asiyependa mazungumzo. Niliporudishwa Tunduma nikiwa Karani Mkuu, nilijikuta nasema peke yangu njiani.

Ndipo nikampata Lazaro. Alikuwa dereva wa lori, Mnamwanga wa ng'ambo ya mpaka, kwao Nakonde, akipeleka mizigo kutoka migodi ya Rhodesia hadi Mbeya. Njia yake ilipita karibu na kwetu, kwa hiyo aliniletea maharage ya Tamari na habari za watoto. Akisimamisha lori alinisalimu kwa lugha ya ng'ambo, akipiga kelele toka dirishani, "Mwapoleni mukwai, ndugu yangu Yona! Chai iko?" Tulikunywa chai tukiwa tumeketi kwenye ngazi ya ofisi. Yeye peke yake, Tunduma nzima, aliniita ndugu.

Wakati huo Bwana Forodha wa zamani alikuwa amestaafu, na mahali pake akaja Afisa Msaidizi, kijana mwenye shingo nyekundu, mgeni wa kazi. Asubuhi moja yeye mwenyewe akalikagua lori la Lazaro, akatoa chupa chini ya kiti.

"Hii nini?"

"Nimepewa na bwana wangu wa mgodini, ameondoka kurudi Ulaya," Lazaro akasema. "Kaniambia ni nzuri kwa kifua. Nampelekea mama. Ni tamu kama maji ya machungwa, bwana."

Afisa akaimimina, akatumbukiza kipimo. Kikaelea juu kabisa. Akatabasamu. "Kweli, haina nguvu. Ni sharubati tu iliyochachuka. Chukua, nenda." Akaanza kuandika kitabuni.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa nimekwisha kunusa, na niliiona ile chupa ilivyonata pembeni. Hakuna aliyeniuliza neno. Ningeweza kugeukia barabarani nikanyamaza.

Nikasema, "Samahani, bwana. Hiyo ina sukari. Kipimo hakiwezi kuisoma mpaka ichemshwe."

Kwa miaka mingi nilijiambia kuwa ni uaminifu ulionisemesha. Si kweli. Kijana yule alikuwa amenisimamia kwa wiki sita akinielekeza jinsi ya kushika kalamu, na mimi nilitaka, japo mara moja, aone kwamba najua asichokijua. Sikumfikiria Lazaro hata kidogo. Nilifikiria kijungu changu na mrija wangu.

Afisa akawa mwekundu mpaka masikioni. "Ichemshe, basi."

Nikaichemsha mbele yao wote. Lazaro alisimama na kofia mkononi akitazama matone yanavyodondoka. Nilipopima mara ya pili, kipimo kilizama karibu shingo nzima. Afisa akaniita mtaalamu. Akamwita askari.

Lazaro alifungwa miezi minne, na kibali chake cha kuendesha lori kikafutwa. Alipokuwa anapanda gari la polisi hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mama nimwambie nini?"

Alipotoka nilingoja aje, hakuja. Basi siku ya mapumziko nikavuka mpaka, nikamkuta kwao analima ulezi. Aliweka jembe chini, akaniletea kigoda na maji ya kunywa, kwa adabu zote. Nikamwomba msamaha.

"Ulifanya kazi yako, Bwana Karani," akasema.

"Lazaro, mimi ni Yona."

"Najua, Bwana Karani. Karibu maji."

Niliyanywa. Tulizungumza habari za mvua, kisha nikarudi. Nilikwenda mara mbili zaidi, na kila mara aliniita hivyo hivyo.

Miaka michache kabla sijastaafu, sheria ile ililegezwa, na Waafrika wakaanza kununua hizo kali na tamu waziwazi. Niliona chupa za aina ile ile zikiuzwa kwenye duka lililotazamana na ofisi yetu. Mkubwa wangu wa mwisho, Mdhibiti wa Forodha kutoka Mbeya, alinipa mkono na barua ya shukrani, akasema sijapata kukosea kipimo. Ni kweli, sikukosea.

Sasa naishi Itaka. Tamari ametangulia, watoto wako mbali. Mwaka juzi mtu wa sokoni aliniambia kwamba Lazaro amefariki na amekwisha kuzikwa. Hakuna aliyenitumia habari. Nilipanda basi hadi Tunduma, nikavuka kwa miguu, nikafika msibani siku ya tatu baada ya maziko. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka uani. Mmoja wao, aliyefanana naye macho, akainuka kunipokea.

"Karibu, mzee. Marehemu alikuwa nani kwako?"

Nilifungua kinywa niseme ndugu.

"Nilikuwa karani mpakani," nikasema.

Akasogea kunipisha, nikaketi.