Sindano Nyuma ya Leso

Asubuhi niliyogundua kwamba dawa inafanya kazi, nilikuwa mbele ya kioo kidogo tulichokitundika uani, nikijipaka sabuni kwa mazoea tu. Nikapitisha wembe, nikausikia unakwaruza. Nikasimama. Kwa karibu miaka miwili kidevu changu kilikuwa laini kama cha mtoto wa shule. Nikapitisha tena, ukakwaruza tena, nami nikacheka peke yangu mpaka kuku wakahama.

Mke wangu alitoka jikoni akauliza kuna nini. Nikamwambia nimekumbuka jambo la kazini. Huo ndio uliokuwa mtindo wangu siku hizo.

Nilikuwa karani wa mizani katika kinu cha pamba, si mbali na Mukuyuni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Watoto wetu wawili walipata matubwitubwi wakapona wakicheza. Mimi waliyeniambukiza, ugonjwa ulinishuka hadi kwenye korodani, zikavimba, kisha zikanywea. Nguvu zikaondoka nazo. Nilisinzia kazini. Gunia nililozoea kulisogeza kwa goti sasa lilihitaji watu wawili. Usiku nilimpa mke wangu mgongo, nikasingizia kiuno.

Kampuni ilikuwa na mpango wa matibabu, na mpango huo ulikuwa na ngazi zake. Hukuruhusiwa kuruka hata moja. Unaanza kwa daktari wa mpango mjini Kitui. Akikubali, unakwenda kwa bingwa Nairobi. Bingwa akiandika dawa, ofisi inaidhinisha, na dawa inatumwa kwenye zahanati moja tu, iliyo karibu na kwako. Hapo ndipo utadungwa, si pengine. Nilizipanda ngazi hizo kwa miezi mingi, nikitolewa damu, nikirudishwa, nikitolewa tena. Lakini bingwa alipokwisha kusoma majibu alisema maneno yaliyonifanya nitamani kumkumbatia: mwili wangu ulikuwa umeacha kutengeneza homoni ya kiume, testosteroni, na homoni hiyo ilipatikana katika chupa. Sikuwa nimerogwa wala sikuwa nimezeeka. Nilikuwa nimepungukiwa tu, na pengo lilikuwa na kizibo.

Muuguzi wa zahanati ya Mukuyuni alikuwa mwanamume mcheshi. Dawa ilikuwa nzito, ya mafuta, kwa hiyo aliifumbata kwanza kiganjani ipate joto ndipo ipite sindanoni. Kila baada ya wiki tatu nilishusha suruali, nikadungwa tako, nikarudi kazini nikichechemea na kupiga mluzi. Ndevu zikaja. Misuli ikaja. Chumbani pia mambo yakaja, na mke wangu, niliyemwambia kuwa ni sindano za kiuno, akaanza kuimba akiosha vyombo.

Kisha muuguzi yule akahamishwa. Siku yangu ilipofika niliingia nikiwa nimekwisha kulegeza mshipi, nikamkuta muuguzi mpya amenipa mgongo, anapanga chupa kabatini. Niliujua mgongo ule. Alikuwa mama mkwe wangu.

Sisi Wakamba tuna nthoni, heshima yenye aibu ndani yake. Mbele ya mama wa mke wako huli ovyo wala husemi ovyo, na mkikutana njiani kila mmoja hutafuta upande wake. Sembuse kushusha suruali. Nilitoka kinyumenyume, mshipi mkononi.

Nilikwenda Kitui kumwomba daktari wa mpango anibadilishie zahanati. Alikuwa mtu wa Pwani, mpole. Nilimwambia Mukuyuni ni mbali. Akanikumbusha kwamba naishi Mukuyuni. Nikasema njia ni mbaya.

"Ndugu yangu, njia hiyo umeipita miezi yote hii na hukulalamika," akasema. "Nipe sababu nyingine."

Nilikuwa nayo na sikumpa. Akanionya kwamba dawa isiyotumika hurudishwa Nairobi, na mwenyewe huanza tena ngazi ya chini kabisa. Nikarudi nyumbani, nikakaa. Ndevu zikapungua, magunia yakawa mazito, mke wangu akaacha kuimba. Miezi hiyo niliitupa mwenyewe, na haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa yake pia.

Kadi yangu ilikuwa imebaki zahanati. Mama mkwe aliisoma, akamwita binti yake, wala hakumweleza chochote. Alimwambia tu aje nami Jumanne, na abebe leso pana ya kujifunga.

"Mwaitu anakutaka kwa nini?" mke wangu akaniuliza jioni ile. Mwaitu ndivyo alivyomwita mama yake. "Na leso ni ya nini?"

Nilimweleza yote, kuanzia matubwitubwi hadi mlango ule wa zahanati.

"Kumbe ni homoni," akasema. "Na mimi nimekuwa nikimlaani mwanamke fulani wa mjini Wote ambaye hata simjui." Kisha akafuta macho. "Ungeniambia, ningekubeba mgongoni mpaka Nairobi."

Jumanne tulikuta kamba imefungwa katikati ya chumba. Mama mkwe akatundika leso, akabaki upande wake akitazama dirisha, sisi tukawa upande wa kitanda. Mke wangu alikuwa ameifumbata chupa kama yai.

"Mwambie alale kifudifudi," sauti ikasema.

"Lala kifudifudi," mke wangu akaniambia, utadhani mimi ni kiziwi.

"Sasa, pale pa kukalia, pagawe mara nne kwa macho. Robo ya juu, ya nje."

"Hapa?"

"Mimi sioni na sitaki kuona. Juu, nje."

"Amekaza, mwaitu."

"Mwambie mtu wa magunia ya pamba haogopi kitu chembamba hivyo."

Nilicheka, mwili ukalegea, sindano ikaingia. Dawa ilishuka polepole, na mimi, nimelala na uso kwenye godoro la zahanati, nilijiona mtu mwenye bahati kuliko wote Makueni.

"Mwambie baada ya wiki tatu," mama mkwe akasema. "Na umwambie, kila gari la Nairobi lilipokuja kuchukua dawa, hiyo yake ilikuwa nyuma ya kabati."

"Asante, mama," nikasema. Mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

Nyuma ya leso nikasikia chupa zikigongana. Alikuwa amerudi kupanga kabati.

Tuliendelea hivyo mpaka akastaafu. Aliyekuja baada yake alikuwa kijana, na siku ya kwanza alichukua sindano akaniambia nipande kitandani. Nikamwomba asubiri kidogo. Mke wangu alikuwa bado nje anasalimiana na watu. Akaingia, akanawa mikono, akamwomba kijana ile chupa, na akaifumbata.