Kesho Namshikia Kamba Mtu Aliyeniangusha Mnarani

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana wahusika wote wawili wapo humu na wanasoma kila siku. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, naishi Kasulu. Wazazi wangu walitoka Burundi, mimi nimezaliwa hapa hapa. Kazi yangu ilikuwa kupanda minara ya redio. Sio ya simu, hapana. Kuna mzee mmoja mstaafu alihamia huku, burudani yake ni redio ya ridhaa, yaani anakaa chumbani kwake anaongea na watu wa nchi za mbali basi, roho yake imetulia. Huyo ndiye aliyetufundisha mimi na rafiki yangu, nimwite Edsoni, kusimamisha mlingoti, kufunga antena, kushusha kebo na kuviringisha maungio yake kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili mvua isiingie. Tukaiva, tukawa tunaitwa kila mahali panapohitaji redio.

Sasa niwaelezeni kidogo mnielewe. Mlingoti unapandishwa kipande juu ya kipande, na kabla nyaya za chuma hazijakazwa unasimama kwa kamba tu. Mmoja yuko juu na mkanda kiunoni, mwenzake yuko chini ameshika kamba. Mzee alituwekea sheria. Kabla hujakanyaga chuma cha kwanza unauliza, "Upo?" Wa chini anajibu, "Nipo." Akishajibu haachii hata aumwe na nyoka. Asipojibu, hakuna kupanda. Na fundi akishakataliwa hivyo mbele za watu, hakuna tena atakayekubali kumshikia, kazi yake imeisha.

Mwaka 2013 tulikuwa Nyakitonto. Nikauliza, "Upo?" Edsoni akajibu, "Nipo!" kwa sauti kubwa kabisa. Nilipofika juu nikahisi mlingoti unalegea upande wake. Kuchungulia chini, kamba kaizungusha kwenye kigingi, mwenyewe hayupo. Nikapiga kelele, "Edsoni! Kamba!" Upepo ukaja, kigingi kikang'oka, nikaenda chini pamoja na chuma chote. Mguu wa kulia ulivunjika sehemu mbili.

Nikalazwa hospitali ya Kabanga. Edsoni alikuja analia kama mtoto, "Mwenewacu, nisamehe, haja ndogo ilinibana." Kwetu huyo unayemwita mwenewacu ni ndugu yako kabisa, basi nikamsamehe, tena mbele ya mke wangu. Ikawa ndiye anayempakia mke wangu kwenye pikipiki kumleta kuniona na kumrudisha. Mimi nimelala pale na mguu umening'inizwa, nawaombea baraka za Mungu! Upumbavu huo ndio unaniuma kuliko hata mguu.

Mwaka uliofuata mke wangu akafungasha. Akaniachia binti yetu Neema, akahamia kwa Edsoni, kweupe, mtaa mzima unaona. Nilipomfuata kumuuliza nimemkosea nini, akapandisha hasira. "Unataka kujua ukweli? Siku ile unaanguka Edsoni alikuwa anaongea na mimi. Nilisikia kishindo kwenye simu. Nilisikia na ulivyolia." Jamani. Mwanamke huyu alisikia mifupa yangu inavunjika, kisha akaja hospitali na uji akaniuliza ilikuwaje!

Tangu siku hiyo sijui kusamehe ni nini. Mchungaji amenisema, mama yangu amenisema, sitaki. Radi ikipiga natamani Edsoni awe juu ya chuma. Nikikutana naye sokoni natabasamu, na moyoni nawaza namna nitakavyomwona akilala chini vile nilivyolala mimi, anatazama mawingu na hawezi kuinuka. Wanasema malipo ni hapa hapa duniani. Mimi nayangojea, na nimechoka kungoja.

Sasa sikieni. Tangu wakimbizi waanze tena kuuvuka mpaka wa Burundi mwaka huu wa 2015, kazi za redio makambini zimejaa. Mguu wangu haupandi tena, ila mikono ni mizima, nimebaki mshika kamba. Juzi mzee akaniita, kuna mlingoti mrefu wa kusimamisha Kumsenga, kule Kibondo. Nikamuuliza nani anapanda. Akainamisha kichwa, akasema, "Edsoni. Na amekutaka wewe chini. Hamwamini mwingine."

Jioni Edsoni mwenyewe akaja hadi mlangoni kwangu. Hata hakukaa. "Mwenewacu, najua una hasira na mimi. Lakini miaka yote ile wewe hukuwahi kuachia." Nikamngoja aombe msamaha wa kweli, ataje ile simu. Wapi! Akasema gari linatoka alfajiri ya kesho hii, akaondoka. Mke kanichukulia, mguu kanivunjia, leo amekuja kuchukua na uaminifu wangu akautumie!

Nilikuwa nimeshaamua kukataa. Leo mchana mama Neema akapiga, mara ya kwanza tangu aondoke. "Baba Neema, najua unanichukia. Lakini mtoto wetu mimi na Edsoni bado ananyonya. Mshike vizuri, nakuomba." Nikakata simu. Sikujua nina hasira au nina furaha kwamba safari hii anayeogopa ni yeye.

Naweza kumwambia "Sipo" mbele ya mafundi wote, nikawaeleza na sababu, asipande mnara tena maisha yake yote. Naweza kumjibu "Nipo" nikamshika, nikala hasira yangu kimya kimya. Na kuna la tatu, hilo siliandiki hapa, lakini nimeliwaza, na limenipa usingizi mzuri kuliko maombi yote niliyoombewa.

Nishaurini ndugu zangu, ila msiniambie nimwachie Mungu. Kesho kamba itakuwa mikononi mwangu. Edsoni atakanyaga chuma, atageuka anitazame, atauliza, "Upo?" Nimjibu nini?