Taa Isiyosogea

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, na kwa kuwa kesho unashuka Kyela kuanza kazi ya boti Ziwa Nyasa, ni vizuri uisikie.

Nilikuwa nimeoa mwaka uleule, kijana wa Kisondela asiyejua maji zaidi ya mvua. Tulipakia ndizi kwenye boti ya Mzee Anyisile, nahodha hodari kuliko wote niliowahi kuwaona. Mikungu ilirundikwa juu hata yeye, akiwa nyuma kwenye usukani, haoni mbele. Akaniweka mbele niwe macho yake, akaniagiza nikiona taa yoyote nimwambie.

Giza lilipoingia nikaona taa nyekundu na ya kijani, na nyeupe juu yake. Nikazitazama weee, hazisogei kushoto wala kulia. Huku kwetu milimani, taa inayotembea ng'ambo ya bonde ni mtu, iliyotulia ni nyumba. Nikasema moyoni hiyo ni nyumba, labda duka lenye mbwembwe. Nikanyamaza, nisije nikachekwa.

Mzee akauliza kama kuna kitu. Nikamjibu ni taa za nyumba tu, zipo palepale tangu saa ile. Akapanda juu ya ndizi, akatazama mara moja, akarudi mbio kugeuza boti kulia. Meli ya mizigo ikatupita ubavuni, karibu hata nikasikia watu wake wakikohoa.

Nilingoja matusi. Yeye akaniambia taratibu, "Mwanangu, wewe unakwenda, na taa inabaki palepale? Hiyo inakuja kwako. Ungeniambia tu. Kazi ya kujua ni yangu."

Nikasema ndaga, asante ya kwetu, nikarudi mbele kutazama. Mke wangu angebaki mjane kwa aibu yangu ya kuchekwa, na mtu niliyekaribia kumuua hakunipandishia hata sauti. Nampenda yule mzee mpaka leo.

Basi shika haya. Nyekundu hukaa ubavu wa kushoto wa chombo, kijani wa kulia. Ukiziona zote mbili pamoja, chombo kimekuelekea, na kila mmoja ageukie kulia kwake. Na hata ukidhani ni nyumba, sema. Wacha wakucheke wakiwa hai.

Mungu akutangulie ziwani, mwanangu, akupe nahodha kama wangu, na siku moja wewe mwenyewe uwe hivyo kwa mtoto wa mtu.