Maziwa ya Mke wa Mjomba

Sina hakika kama nayaandika kama yalivyokuwa. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifunzwa kusoma zaidi ya kuandika. Ila yule fundi wa mitambo aliyeachwa na meli yake Kismayu kwa sababu ya homa hakuwa na nia mbaya, hilo nalijua. Watu walimwita Mtaliani, naye akikana: yeye ni Mkroati, kwao ni ng'ambo ya bahari ya Wataliani.

Mjomba alimpa chumba cha nje. Alasiri, barazani, alitusimulia kwa Kiswahili chake cha bandarini kitabu cha kwao: binti wa jumba kubwa na kijana wapendanao, posa imekubaliwa, kumbe ni watoto wa baba mmoja. Mama wa binti anajua, ananyamaza kulinda jina la nyumba.

Mimi nilikuwa nimemposa binti wa mjomba. Harusi ilikuwa baada ya Idi.

Wanawake walisikiliza nyuma ya pazia. Bikizee mmoja akamtania: "Bwana fundi, huko kwenu hakuna hata mkunga mmbea?" Tukacheka sote. Mke wa mjomba hakucheka. Kitabu kilipoisha, alimwita mumewe ndani.

Kumbe nilipozaliwa kisiwani Fuma, mama alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Yeye na wifi yake, mke wa mjomba, walikuwa hawasemezani. Bibi akanipeleka kwa siri nikanyonye kwa huyo wifi, akamwapisha asiseme. Miaka yote mke wa mjomba alijiambia kwamba hayakufika kiasi cha kunifanya ndugu wa wanawe na kuharamisha ndoa.

Tukaenda kwa kadhi, naye akamwuliza, kwa upole, kama nilinyonya nikashiba mara tano. Sote tulijua kuwa nne zingeniachia mke. Nilimtazama mke wa mjomba, na nadhani macho yangu yalimwomba.

"Zilipita tano," akasema. "Ulikuwa na njaa, mwanangu."

Angeweza kusema nne. Angeweza pia kusema mapema. Yote mawili ni kweli, na kuyapima siwezi.

Posa ikavunjwa. Mkroati aliniomba radhi, ingawa hakuwa na kosa.

Siku chache baadaye nilipiga hodi kwa mjomba. Mkewe akajibu kutoka ndani kwamba niingie tu, mtoto hapigi hodi kwao. Binti akaniletea kahawa kichwa wazi, maana sasa inajuzu. Tangu tulipokua sikuwahi kuziona nywele zake. Zilikuwa zimesukwa upya, zina harufu ya asumini.

Akaniita kaka. Nikaipokea kahawa.